Werevu wa nyumbani na werevu wa shule: Nani alijenga ukuta kati yao?

Wazungumzaji wa Kikalenjin wana neno moja ninalolipenda sana: ng'om. Maana yake ni mwerevu, mwenye akili. Katika miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi katika kijiji kimoja cha Wakipsigis walichokiita Kokwet. Walitaka kujua wazazi wa huko humsifu mtoto wa namna gani kuwa ni ng'om. Majibu waliyoyapata hayakutaja alama wala ripoti za shule. Mtoto ng'om ni yule anayeona kazi inahitaji kufanywa akaifanya bila kuambiwa. Akimaliza kula, anafagia. Akitumwa, anafika, na ujumbe anaufikisha kama alivyopewa.

Lakini walibaini jambo jingine pia. Wazazi walitofautisha ng'om en ga, yaani mwerevu wa nyumbani, na ng'om en sukul, mwerevu wa shuleni. Mtoto angeweza kuwa huyu asiwe yule, na hakuna aliyeshangaa.

Hebu yatazame maneno hayo mawili kwa jicho la lugha. Ga, nyumbani, ni neno la Wakalenjin wenyewe. Sukul ni mgeni aliyetoka Uingereza. Kiswahili nacho kiliazima: shule tuliipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walishika skuli ya Waingereza. Kwa watoto wadogo tunasema chekechea tunapoandika, lakini hapa Soy ninapoishi, ukimuuliza mama sokoni mtoto wake anasoma wapi, atakuambia yuko nasari, au siku hizi, yuko pipi wani. Kuazima neno si dhambi, maana hakuna lugha isiyoazima. Shida ni pale neno geni linapoingia na kufanya kilichokuwepo kionekane si kitu.

Dai langu katika makala haya ni kwamba ukuta uliopo kati ya ga na sukul haukuwepo tangu jadi. Ulijengwa na watu, na ujenzi wake una tarehe. Mtoto wa miaka minne au mitano analipa gharama ya ukuta huo kila siku, kwa kuwa kusoma kunaanzia upande ule wa nyumbani ambao tumeuacha ukiwa mahame.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwaka wa 1909, afisa wa serikali ya kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi. Ndani yake mna sarufi ya lugha, na pia mna hadithi, methali na vitendawili. Kilichokuwa kigeni ni kule kuvitia kwenye karatasi tu. Vyenyewe vilikuwa vikitumika kila jioni jikoni. Kitendawili, ambacho Wakalenjin hukiita tangoch, kilikuwa zoezi la akili: mtoto anasikia maelezo, anayashika kichwani, anatafuta kitu kinachofanana nayo, anapima kama jibu linakubali. Mchana mtoto huyo huyo alikuwa na zizi lake la ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa matunda ya labotwet, ile ndulele ya njano inayoota kando ya njia. Aliwahesabu: akenge, aeng', somok, ang'wan, mut. Aliwagawa, akawauza, akawalipia mahari. Ukiwaambia wataalamu wa elimu ya awali kwamba mtoto alitumia tunda kusimamia ng'ombe, watakueleza kuwa hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuelewa herufi. Herufi nayo ni alama inayosimamia kitu kingine. Anayejua kwamba ndulele inaweza kuwa ng'ombe hatapata taabu kuelewa kwamba mchoro fulani unaweza kuwa sauti.

Kwa nini basi mchezo huo haukuhesabiwa kuwa elimu? Hapa inatubidi tutazame ardhi. Mwaka wa 1908, msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda hadi uwanda wa Uasin Gishu. Mji wa Eldoret ukachipuka kwenye shamba lililopewa nambari 64, na ndiyo maana wazee wetu waliuita Sisibo. Nyanda hizi, kutoka mjini kupitia Soy kuelekea Kitale, ziligeuka mashamba ya walowezi ya ngano na mahindi. Waafrika walibaki humo kama vibarua na maskwota, na watoto wao walichunga mifugo ya bwana shamba.

Elimu ya watoto wadogo ilipoanza kupangwa nchini, katika miaka ya 1940, ilifuata rangi. Watoto wa Kizungu na wa Kihindi walipata shule zao za awali mijini. Watoto wa vibarua walipata vituo kwenye mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa. Kisha Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, na watu wa Mkoa wa Kati wakasukumwa katika vijiji vya lazima, humo nako vikafunguliwa vituo vya kuangalia watoto huku mama zao wakifanyishwa kazi za shokoa.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa watoto wa kundi moja, shule ya awali ilikuwa bustani. Kwa watoto wa kundi la pili, ilikuwa mahali pa kuweka mtoto ili mikono ya mama ipatikane kwa kazi. Usisahau pia neno yaya, lililotufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Yaya alikuwa mwanamke Mwafrika aliyemlea mtoto wa mlowezi mchana kutwa, akimbembeleza na kumwimbia, ilhali mtoto wake mwenyewe alikuwa ameachiwa dada yake wa miaka minane. Uwezo wa mama Mwafrika wa kulea akili ya mtoto ulijulikana, na hata ulilipiwa mshahara, mradi tu mtoto awe wa mtu mwingine.

Kinaya ni kwamba hao waliobuni shule za chekechea Ulaya hawakumtenga mama hata kidogo. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua kituo chake huko Blankenburg mwaka wa 1837, na mwaka wa 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Vifaa vyake vilikuwa mipira ya sufu na vipande vya mbao. Mwaka wa 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama, akiamini kwamba somo la kwanza hutolewa kwenye paja la mama. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo mwaka wa 1851. Naam, hata huko, mchezo wa mtoto uliwahi kuonekana jambo la hatari! Wazo hilo liliposafiri hadi kwetu, vipande vya mbao vilifika lakini paja la mama likasahaulika njiani.

Sasa tuje kwenye lugha, maana ndiyo tofali kubwa la ukuta wenyewe. Mwaka wa 1957 ulianzishwa jijini Nairobi, kwanza katika shule za watoto wa Kihindi, mkabala mpya wa kufundishia madarasa ya chini ambao wasomaji wa rika langu wataukumbuka kwa herufi tatu: NPA. Ulikuwa na mambo mazuri. Ulitaka watoto wafanye kazi kwa vikundi, watumie picha, wacheze, wasikaririshwe tu. Lakini ulitaka hayo yote yafanyike kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Uliposambazwa haraka katika shule za Waafrika, ambako walimu hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha, Kiingereza ndicho kilichobaki na mchezo ukapotea.

Nchi ilipopata uhuru, serikali iliunda tume chini ya Profesa Simeon Ominde. Ripoti yake ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Watu wengi hukumbuka hilo tu. Ndani ya ripoti hiyo, hata hivyo, mna pendekezo dogo ambalo wachache hulitaja: kwamba katika madarasa matatu ya kwanza kuwe na kipindi kila siku cha kusimulia hadithi kwa lugha za mama. Kipindi kimoja! Nyumba yote ya ga, pamoja na hadithi, vitendawili, nyimbo na michezo yake, ilipewa kiti kimoja darasani.

Hata hicho kiti hakikukaliwa. Mimi niliingia darasa la kwanza baada ya ripoti hiyo kutoka, katika shule moja ya huku huku Uasin Gishu. Kipindi cha hadithi kilikuwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Mwalimu wetu alikitumia kumalizia hesabu. Simlaumu, kwa sababu hadithi haikuwa na mtihani, na mwalimu naye alikuwa akipimwa kwa mtihani. Aliyenaswa akiongea lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, na jioni akapata viboko. Ngugi wa Thiong'o ameyaeleza mambo kama haya katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986. Anaeleza hadithi za jioni kando ya moto, kisha anaeleza adhabu ya shuleni kwa kuzungumza lugha ile ile iliyosimulia hadithi hizo. Mtoto wa miaka sita hahitaji mhadhara kuelewa fundisho hilo. Anaelewa mara moja kwamba yanayotoka nyumbani huachwa langoni mwa shule.

Haitakuwa haki nikisema kwamba hakuna aliyejaribu kuubomoa ukuta. Wananchi wenyewe walijaribu kwa njia ya Harambee. Baada ya mwaka 1963, nasari zilichipuka kanisani, chini ya miti, kwenye vibanda vya soko, na mara nyingi mwalimu alikuwa msichana wa kijiji aliyelipwa kwa michango. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa ufadhili wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, iliendesha mradi wa elimu ya awali uliodumu hadi mapema miaka ya 1980. Wizara ya Elimu ilikabidhiwa jukumu hilo mwaka wa 1980. Mwaka wa 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya. Kazi ya watu hao ambayo mimi huiheshimu zaidi ni ile ya kuwaendea wazee na akina mama, wakakusanya hadithi, nyimbo, vitendawili na michezo kwa lugha za wenyeji ili irudi darasani.

Kabla ya hapo, kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza kwamba miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi ifundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Vikatolewa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha nyingi za Kenya. Kule Pwani, mwaka wa 1986, Waislamu wa Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan walianzisha shule za awali ndani ya madrasa, kwa vifaa vya kwao: vifuu, makuti, makopo, nyimbo na hadithi za Kiswahili. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar, kisha Uganda. Walionyesha kwamba chuo cha jadi na nasari ya kisasa vinaweza kukaa chumba kimoja bila ugomvi.

Kilichozirudisha nyuma juhudi hizo ni mtihani na pesa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuwa na mema yake, likiwemo la kukifanya Kiswahili kiwe somo la lazima. Lakini ushindani wa mwisho wa darasa la nane ulishuka ngazi kwa ngazi hadi ukafika nasari. Kukazuka mtindo wa kumfanyia mtoto wa miaka mitano mahojiano kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka wa 2003, nasari zilibaki za kulipia, na wazazi wengine wasio na uwezo wakairuka kabisa, wakampeleka mtoto moja kwa moja darasa la kwanza. Ndipo Katiba ya 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti elimu ya awali. Kati ya mwaka 2014 na 2018 Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa kaunti nne, pamoja na Laikipia, Siaya na Nairobi, zilizofanyiwa majaribio ya mpango wa Tayari, uliowapa walimu wa awali mafunzo, miongozo na vitabu. Kisha mwaka wa 2019 ukaja Mtaala wa Umilisi, ambao unasema kwa maandishi kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, na kwamba mzazi ni mshirika.

Kwenye karatasi, basi, safari imekamilika. Ukuta umebomolewa. Nenda Soy uone.

Jirani yangu mmoja, mama kijana mwenye bidii, alimtoa mtoto wake katika nasari ya umma mwaka jana. Nilimuuliza sababu. "Mwalimu, huko wanaimba na kucheza tu," akaniambia. "Nilitaka asome." Akampeleka katika shule ya kulipia. Sasa mtoto huyo wa miaka minne anarudi jioni na daftari la kunakili 1 hadi 100, na herufi a mistari ishirini. Analia, mama anafoka, na baba anatoka nje. Mama huyo si mjinga. Yeye ni mrithi wa historia niliyoieleza hapo juu. Alifundishwa kwamba elimu ni ile inayouma, na anataka mtoto wake apate iliyo bora.

Ng'ambo ya ua wake anaishi kogo, nyanya yake mtoto huyo. Nilipomwambia kuwa yeye ni mwalimu pia, alicheka. "Mimi sikusoma, mwalimu. Nitamfundisha nini?" Bibi huyo anajua vitendawili vingi kuliko nilivyonavyo kwenye rafu yangu. Hilo "nitamfundisha nini" ndilo jeraha lenyewe. Miaka mia moja ya ukuta imemshawishi mwenye ghala kwamba ghala ni tupu.

Acha nieleze, kwa taaluma yangu ya isimu, kilichomo ghalani. Watu hudhani kusoma ni kazi ya macho. Kabla ya macho kuna masikio. Mtoto hawezi kuunganisha herufi na sauti ikiwa hajazitambua sauti zenyewe zilizomo katika neno. Kikalenjin, kwa mfano, hakitumii tofauti ya p na b, t na d, au k na g kutenganisha maana za maneno. Kiswahili kinatumia: pata si bata, toa si doa, kamba si gamba. Mtoto wa Kinandi anayeandika "pata" akikusudia yule ndege wa bwawani si mzembe. Sikio lake halijazoezwa kusikia mpaka huo. Kumwandikisha b mistari ishirini hakumsaidii. Mchezo utamsaidia: ukisema bata, atembee kwa kuyumba kama bata; ukisema pata, anyooshe mikono apokee. Dakika tano tu, wakati ugali unaiva. Atacheka, atakosea, na kabla ya mwezi kwisha atakuwa anakunasa wewe ukikosea.

Kiswahili kina zawadi nyingine. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na zinatengana waziwazi. Pigeni makofi kwa majina ya watu na vitu vya nyumbani: me-za makofi mawili, ka-la-mu matatu. M-tu je? Mawili, kwa sababu m hiyo ni silabi kamili ingawa haina irabu. Watu wazima wengi hulikosa hilo, watoto hulipata. Pia maandishi yetu ni maaminifu: herufi a ni a leo na kesho, tofauti na Kiingereza ambako herufi moja hubadilika kama kinyonga. Mtoto ambaye sikio lake limeshajua kukata neno kwa silabi, siku akifundishwa ba be bi bo bu, hukuta anafunguliwa mlango wa chumba anachokijua.

Hadithi nayo hufanya kazi yake. Anayesikiliza "Paukwa!" akaitika "Pakawa!" anajifunza kwamba masimulizi yana mwanzo, tatizo na mwisho. Anajifunza maneno ambayo hayasikiki kwenye mazungumzo ya "kuja ule" na "enda ulale". Anashika mfuatano wa matukio kichwani. Baadaye, shuleni, hicho kitaitwa ufahamu na atatahiniwa. Wilaya yetu ya zamani ilisifika kwa ngano ya kusaga. Ngano ile nyingine, ya kusimulia, ilistawi hapa pia, nayo haihitaji mbolea ya ruzuku.

Na maandishi? Yamejaa kila mahali. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya udongo ambayo kuta zake zilibandikwa kurasa za magazeti ya Baraza na Taifa Leo ili kuzuia baridi na vumbi. Kitanda changu kilikuwa karibu na tangazo la sabuni. Kaka yangu alinionyesha herufi moja, kisha mchezo wetu wa usiku ukawa kuitafuta kuta nzima kwa mwanga wa koroboi. Siku hizi kuna pakiti ya unga, kalenda ya duka, ubavu wa matatu inayoelekea Kitale, kibao cha wakala wa pesa. Muulize mtoto herufi ya kwanza ya jina lake iko wapi kwenye pakiti hiyo. Magunzi ya mahindi, ambayo Soy hayakosekani, yanaweza kuwa ng'ombe, askari au wanafunzi. Vifuniko vya soda huhesabika. Majivu yaliyotandazwa chini ni ubao. Ukimtuma dukani kwa hamsini akaleta chenji sawasawa, amefanya hesabu, amefanya kumbukumbu, na amekuwa ng'om en ga na ng'om en sukul kwa safari moja.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wazazi watasema wamechoka, kwamba mtaala huu umewageuza wanafunzi, wakikesha kutafuta manila na gundi. Malalamiko hayo ni ya haki. Kumpa mama kazi ya kununua vitu si kumshirikisha. Hayo ninayoyasema hayanunuliwi, na hayaongezi saa kwenye siku. Yanaingia ndani ya kazi zilizopo, za kupika, kukoboa mahindi na kuteka maji. Wengine watasema mtoto asipoandika mapema ataachwa nyuma na wenzake wa mjini. Mkono wa mtoto wa miaka minne unahitaji kufinyanga udongo, kupura maharagwe na kushona shanga kabla ya kushika kalamu sawasawa. Atakayeanza na udongo hatachelewa.

Lakini si haki pia kuutupia mzigo huu wazazi peke yao, huku wenye mamlaka wakinawa mikono. Nina pendekezo moja kwa kaunti zetu, na halihitaji bajeti mpya. Tugeuze kazi ya nyumbani. Badala ya daftari la kunakili linalotoka shuleni kwenda nyumbani, kila Ijumaa mwalimu wa nasari amtume mtoto akalete kitu kimoja kutoka nyumbani: kitendawili cha nyanya, jina la mti kwa lugha ya kwao, mchezo aliocheza babu, hadithi fupi. Jumatatu mtoto akiwasilishe, mwalimu akiandike ubaoni kwa maneno yale yale, na darasa lisome. Hapa Soy kutatokea cha Kinandi, cha Kikeiyo, cha Kibukusu, cha Kikikuyu na cha Kiswahili cha sokoni. Watoto watajua kwamba vyote huandikika. Mama kijana ataona kwamba wimbo ni somo. Na yule kogo, atakapoulizwa na mjukuu wake Ijumaa jioni ampe tangoch ya kupeleka shuleni, atapata jibu la swali lake kwamba angemfundisha nini.

Kipindi cha hadithi kilichopendekezwa mwaka wa 1964 hakijafutwa na mtu yeyote. Kimekosa wa kukisimamia tu. Msomaji mwenye mtoto au mjukuu wa nasari asingoje waraka wa Wizara. Leo jioni, baada ya chakula, zima televisheni kwa robo saa na useme neno moja tu: "Kitendawili!" Ukiona mtoto hajui kuitika "Tega!", basi mfundishe. Hilo litakuwa somo la kwanza.